Kinyonga kwenye uzio wa nyumba: umfanye nini, na mayai yake uyarudishe vipi ardhini

Mara nyingi kinyonga wa bustanini haonekani mpaka mkasi umemfikia. Amekaa humo miezi, mita moja au mbili kutoka ardhini, katikati ya michongoma au bugenvilia, na wenye nyumba hawana habari. Siku ya kupogoa, tawi moja linageuza jicho, mwenye panga anaruka nyuma, kelele zinaanza. Kinachofuata kwa kawaida ni jiwe.

Nataka jiwe hilo lisirushwe. Lakini huruma peke yake haimtoshi kinyonga, maana wapo wanaokufa mikononi mwa watu waliotaka kuwasaidia: aliyevutwa kutoka tawini mpaka kucha zikang'oka, aliyenyweshwa maji kwa nguvu, aliyefungiwa ndani ya ndoo juani. Kwa hiyo hapa chini ni mambo ya kufanya na sababu zake.

Kwanza sumu. Kinyonga hana. Si kwenye meno, si kwenye mate, si kwenye ngozi, na upepo wa pumzi yake haumdhuru mtu. Akibanwa hujaza mwili hewa, hupiga mluzi mzito wa kutisha na kupanua kinywa chenye rangi ya chungwa ndani, huku akiyumba huku na huku. Hayo yote ni vitisho vya mnyama asiyeweza kukimbia. Ukimshika kwa nguvu atang'ata, na mkubwa anaweza kukuchubua ukatoka damu kidogo. Maji na sabuni vinatosha. Hata asipokung'ata, nawa mikono ukishamgusa, kwa sababu watambaazi kwa ujumla hubeba bakteria wa salmonela bila wao wenyewe kuumwa.

Ni yupi huyo uliyemkuta?

Ukiwa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Unguja au Pemba, na sehemu kubwa ya bara, yaelekea ni Chamaeleo dilepis. Mtambue kwa vipande viwili vya ngozi nyuma ya kichwa, kama masikio yaliyolala, anavyoviinua akikasirika, na kwa mstari mweupe ubavuni. Mkubwa hufika sentimita 30 pamoja na mkia, mara nyingine zaidi. Dume ana shina la mkia lililonenepa. Jike shina lake hupungua moja kwa moja kuanzia kiunoni.

Ukiwa Nairobi, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, au Arusha upande wa Mlima Meru, unaweza kukutana na Trioceros jacksonii, ambaye dume lake lina pembe tatu usoni. Usambara kuna wengine kabisa, wakiwemo wa jenasi (yaani kundi la aina za karibu) ya Kinyongia, ambayo wanasayansi waliipa jina mwaka 2006 wakilichukua kutoka kwetu, kwenye Kiswahili.

Tofauti hii ina kazi. Yule wa pembe tatu wa Nairobi hazai kwa mayai. Jike hubeba mimba na kuzaa watoto wazima wanaopanda tawi siku hiyohiyo. Yule wa pwani na bara hutaga ardhini. Kwa hiyo jike mnene anayetembea chini katika bustani ya Kigamboni yumo katika shughuli ambayo hupaswi kuikatiza, na nitaieleza kwa kirefu. Pembe tatu peke yake zisikudanganye lakini: Trioceros deremensis wa Usambara anazo, na bado hutaga.

Soma rangi yake kabla ya kumgusa

Wengi tunakua tukiambiwa kinyonga hubadilika ili afanane na mahali alipo. Rangi yake ya kawaida humficha, ndiyo, ila mabadiliko yenyewe zaidi ni habari ya joto la mwili na hali ya moyo wake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, wakichunguza aina ya Madagaska, walionyesha kwamba ngozini kuna seli zenye fuwele ndogo mno za guanini, kemikali ya asili ya mwilini. Akitulia, fuwele hukaribiana na kurudisha mwanga wa buluu, ambao ukipita kwenye manjano ya ngozi tunauona kijani. Akichangamka, fuwele huachana, na rangi inaelekea manjano na nyekundu.

Kwa mwenye bustani usomaji ni rahisi. Mweusi-kahawia saa moja asubuhi, ubavu mzima umeelekezwa juani: ana baridi, anajipasha moto, mwache. Mweusi mwenye madoa saa sita mchana, mwili umebapa, koo limetanuka: anaogopa, na anayemwogopa ni wewe. Aliyepauka karibu na weupe huku kinywa kiko wazi, juani: amezidiwa na joto, apelekwe kivulini haraka. Aliyepauka usiku, mkia umejikunja kama konokono: amelala tu. Macho yaliyodidimia ndani ni dalili ya kukosa maji, na macho yaliyofumbwa mchana ni dalili mbaya kuliko zote.

Kumhamisha bila kumuumiza

Kama hayuko hatarini, usimhamishe. Nasisitiza hili kwa sababu hamu ya kumpeleka mahali pazuri zaidi ndiyo inayowaponza. Anajua matawi yake, anajua inzi wanapotua, na anajua pa kulala. Sababu halali ni chache: yuko barabarani, yuko mbele ya mbwa au paka, au tawi lake linakatwa leo.

Ikibidi, usimvute kamwe. Kila mguu wake ni koleo, vidole viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili, na akishika ameshika. Ukimvuta utang'oa kucha au kuvunja kidole kabla hajaachia. Fanya hivi: tafuta kijiti chenye unene wa penseli, kirefu kama mkono wako mpaka kiwiko, ukiweke mbele ya kifua chake juu kidogo ya miguu ya mbele. Kisha gusa mkia wake taratibu kwa kidole. Ataondoka kwenye kero ya nyuma kwa kupanda kilicho mbele. Subiri miguu yote minne iwe juu ya kijiti, na mkia ujifungue wenyewe kutoka tawini. Jambo zima linaweza kuchukua dakika tatu nne, kwa mwendo wake wa hatua moja mbele na kuyumba, na hakuna njia ya kulifupisha. Mkia usishikwe kabisa: mjusi akikatika mkia huota mwingine, kinyonga hauoti.

Mahali papya pawe palepale nyumbani, hatua chache tu kutoka alipokuwa. Chagua mti wenye majani mengi na vijitawi vyembamba anavyoweza kuvikumbatia, kama mkomamanga, mlimau, mpera au haibiskasi. Shina nene na laini halimfai. Jua la asubuhi lifike, kivuli cha mchana kiwepo. Na kagua mti wenyewe kwanza: mwembe wenye viota vya maji moto, wale sungusungu wekundu wanaoshona majani, ni sawa na kumtupa motoni.

Kama kuna kusubiri kidogo kabla ya kumwachia, tumia boksi la karatasi lenye matundu, kijiti ndani, likae kivulini. Ndoo ya plastiki juani inamuua kwa dakika chache, kwa kuwa hana namna ya kutoa joto zaidi ya kupanua kinywa.

Usimpeleke wilaya nyingine, achilia mbali nchi nyingine. Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya walifikishwa Hawaii kwa biashara ya wanyama wa kufuga, wakatoka, wakazaliana, na leo wanakula konokono na wadudu wa asili wa visiwa vile ambao hawakuwahi kumjua adui wa namna hiyo. Kumweka ndani ya nyumba pia si suluhisho. Ndani hakuna mwanga wa jua unaomsaidia kujenga mifupa, hakuna umande, na mnyama huyu hufa kimyakimya kwa kiu na hofu akiwa bado anaonekana mzima. Sheria nazo zipo: Tanzania ina ya mwaka 2009 na Kenya ya mwaka 2013, na kumkamata au kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa. Mwaka 2016 Tanzania pia ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na vinyonga walikuwa miongoni mwa waliokuwa wakisafirishwa.

Maji: hanywi kwenye bakuli. Hulamba matone yaliyo kwenye majani. Nyunyizia majani yaliyo juu yake kwa chupa ya kupulizia yenye matone madogo, dakika mbili tatu asubuhi, kisha ondoka. Usimpige na mpira wa maji usoni, na usimfungue kinywa umtilie, kwa sababu tundu la hewa liko mbele kabisa kwenye sakafu ya kinywa na maji yataingia kwenye mapafu.

Jike anayechimba, na mayai unayoyafukua kwa jembe

Jike anapokaribia kutaga hushuka mtini mwenyewe, mara nyingi mchana kweupe. Tumbo limejaa hadi vinundu vya mayai vinaonekana chini ya ngozi, kama maharage ndani ya kifuko. Hutembea akitafuta udongo, huchimba kidogo, huacha, hujaribu pengine. Akipata anapopataka huinamisha kichwa na kukwangua kwa miguu ya mbele, mchanga ukirushwa nyuma, mpaka anatoweka na mkia tu unabaki nje. Ndani hugeuka, kichwa kikielekea mlangoni, ndipo anataga. Baadaye hufukia na kukanyagakanyaga kwa miguu ya nyuma mpaka huwezi kuona kwamba pale palichimbwa. Kazi hii yaweza kumaliza siku nzima, na giza likimkuta hulala humohumo shimoni.

Usimwinue. Akisumbuliwa huacha shimo, na akisumbuliwa mara nyingi mayai hukwama tumboni, na mayai yaliyokwama humuua. Fungia mbwa na kuku, waambie watoto watazame kutoka mita tano, na kama yuko njiani weka mawe manne kumzunguka kwa mbali ili asikanyagwe. Akimaliza anakuwa amekonda, macho yamedidimia. Hapo ndipo chupa ya kunyunyizia inapomfaa: lowesha majani ya kichaka kilicho karibu, atakwenda mwenyewe. Mayai hatayarudia tena.

Kwa kawaida ni mayai 25 hadi 60, meupe, laini kama ngozi, ukubwa wa haragwe. Hukaa ardhini miezi mingi. Mengine hukaribia mwaka. Na hapa ndipo jembe linapoingia, kwa sababu katika mwaka mzima bustani gani haijalimwa?

Kwanza hakikisha ni yake. Mayai ya konokono mkubwa ni madogo, milimita tano hivi, ya rangi ya krimu, magumu, na yako karibu na uso wa udongo. Hayo ukitaka mboga zako zipone yaondoe. Mayai ya mijusi wa ukutani huwa mawili tu, ganda gumu, kwenye nyufa. Mayai marefu ya sentimita tatu au zaidi huenda ni ya nyoka, na aina yake hutaijua kwa kutazama, kwa hiyo usiyaguse kwa mkono. Kama huna uhakika, rudisha udongo, simika kijiti, na panda mchicha wako upande mwingine.

Kama kweli ni ya kinyonga na pale hapawezi kubaki, mathalani ni shimo la msingi au la choo, yanahamishika, kwa sharti moja kubwa: yasigeuzwe. Baada ya kutagwa, mtoto anayeanza kuumbika hujishikiza upande mmoja wa ganda. Yai la kuku hugeuzwageuzwa na mama yake likapona. Hili ukiligeuza, uzito wa kiini humwangukia mtoto na anakufa bila dalili yoyote kuonekana nje.

Ondoa udongo kwa vidole au kijiko, si kwa jembe. Kabla ya kunyanyua yai, weka alama juu yake kwa penseli laini. Kalamu ya wino ina kemikali zinazopenya ganda. Tandika udongo uleule kwenye bakuli la plastiki, nyanyua kila yai na kijiko, alama ikibaki juu, uliweke kwenye kishimo ulichobonyeza kwa kidole gumba. Yaliyogandana usiyatenganishe, yabebe pamoja. Lililopasuka liache, maana litaoza na kuwaletea wenzake siafu.

Shimo jipya liwe na kina cha sentimita 15 hadi 20, mahali pasipotuama maji, jua kidogo na kivuli kidogo, mbali na mizizi mikubwa. Pima unyevu kwa mkono: finyanga udongo, uufungue mkono. Ukibaki donge bila kutoa tone ni sawa. Ukitiririsha maji ni mwingi mno, ukimwagika kama vumbi ni mkavu. Funika kwa udongo huohuo bila kuushindilia. Usichanganye samadi mbichi, kwa kuwa inachemka na kutoa gesi inayoua mayai. Hili ni kosa la watu wenye nia njema kabisa, wanaodhani wanaweka rutuba.

Juu tandaza wavu wa kuku wenye matundu ya sentimita 2.5 au zaidi, uufunge kwa mawe pembeni. Kuku na mbwa hawatafukua, na watoto watapita. Wavu wa chandarua usitumie, kwani watakwama chini yake wafe kwa jua. Kiangazi kikikaza, mwagilia kikombe kimoja kando ya shimo kila baada ya wiki mbili hivi, kisha finyanga tena upime. Kwenye udongo wa mfinyanzi usimwagilie kwa kukisia. Mayai mengi yanazama kuliko yanayokauka.

Siku ya kupogoa

Ajali nyingi zinazuilika kwa tochi. Usiku wa kuamkia siku ya kupogoa, saa mbili hivi, pita kandokando ya uzio ukimulika ncha za matawi. Kinyonga aliyelala hung'aa weupe-kijani kuliko majani, na utamwona kwa urahisi ambao mchana hupati. Funga kitambaa kwenye tawi lake. Kesho yake kata kwingine kote na umwachie mita moja kila upande. Kipande hicho kikate wiki nyingine, akishahama. Vijana wa bustani ukiwaonyesha mmoja tu usiku, kazi ya kutafuta wanaifanya wenyewe baadaye.

Anza baada ya saa nne asubuhi. Alfajiri mwili wake ni baridi na hawezi kusogea hata akikuona. Matawi yaliyokatwa yalaze chini karibu na uzio mpaka kesho yake, usiyachome jioni ile: aliyenusurika mkasi huwa bado ameshikilia humo, na moto ndio unaommaliza.

Kuhusu dawa za wadudu niseme kwa ufupi. Mdudu aliyepuliziwa hupepesuka kabla ya kufa, na mdudu anayepepesuka ndiye rahisi kulambwa. Ukipulizia uzio mzima kila mwezi, kinyonga atapata sumu au atakosa chakula, moja kati ya hayo. Puliza mmea ulioshambuliwa peke yake, au ponda kwa mkono. Wala sitamsifia kwamba atamaliza wadudu wako: anakula panzi, inzi na viwavi, lakini anakula pia nyuki na vunjajungu bila kuchagua. Aliyeng'atwa na paka apelekwe kwa daktari wa mifugo hata kama kidonda ni tundu dogo, kwani mate ya paka yana bakteria wanaomuua siku kadhaa baadaye.

Watoto mara nyingi hutoka ardhi ikilainika kwa mvua. Ukiona vishimo vyembamba kama vya penseli juu ya ulipofukia mayai, ondoa wavu, fungia kuku wiki mbili, na usipalilie wala kufyeka majani marefu yaliyo karibu. Kila mmoja ana urefu wa kidole kidogo cha mtoto, rangi ya kahawia au kijani hafifu, na tayari anajua kuwinda. Usiwakusanye mahali pamoja; wataachana wenyewe, kila mmoja kwenye jani lake. Tia ganda la papai bovu chini ya kichaka ili vijinzi vidogo vijae, na uangalie unapokanyaga.